Baba mkubwa anasema mabadiliko ya tabianchi ni biashara ya wazungu, na Desemba tuna kikao cha kihamba (shamba letu la ukoo). Nimjibu nini?

Kihamba Kidogo:
Wakuu habari za majukumu, wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie kabla sijapanda basi, si mnajua Desemba Wachaga hatuna ujanja, lazima turudi mlimani.

Iko hivi. Kihamba cha marehemu babu kipo Machame, kahawa zake ni za zamani sana, zingine vigogo vimeota kuvu na bado tunazibembeleza. Mavuno yameshuka, chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha buni, kila mwaka, kutu ya majani ndio usiseme. Mimi na dada zangu tunataka upande wa chini tung'oe tuweke miche mipya ya chotara, kipande kidogo tuweke parachichi, migomba ibaki na miti ya kivuli tuongeze. Hela tunatoa sisi. Ila msimamizi ni baba mkubwa na amegoma, anasema hii hali ni mzunguko tu, itarudi kama zamani, na mabadiliko ya tabianchi ni biashara ya wazungu.

Sasa shida yake huyu mzee sio mtu wa kumpuuza. Kafundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu. Mwaka jana nilimwambia si unaona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaisha, akanikalisha chini. Kwanza akaniuliza, kule juu wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, barafu inayeyukaje? Pili, barafu ilianza kupungua miaka ya 1880, Hans Meyer kafika kileleni 1889, magari yalikuwa mangapi duniani? Tatu, 2007 jaji wa Uingereza alishasema haijathibitika kwamba theluji ya Kilimanjaro inapungua hasa kwa sababu ya binadamu. Nne, dunia ilishawahi kuwa barafu tupu na ikayeyuka bila kiwanda hata kimoja. Akamalizia kwamba tatizo letu ni kukata miti. Nikabaki natafuna kitochi kimya kimya.

Naomba ushahidi unaosimama, na namna ya kuusema pia, maana nikiongea vibaya itaonekana kijana wa Dar nimekuja kumfundisha mkubwa wangu. Nawasilisha.

Chizi wa Grafu:
Mkuu huyo mzee mheshimu, kwenye Kibo kakuzidi na angewazidi wengi humu. Hayo ya barafu ni kweli kabisa. Wanasayansi kina Kaser, Mölg na Hardy wamekaa na hiyo barafu miaka mingi na wanasema inaisha zaidi kwa ukame na jua kuliko joto la hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1800 Afrika Mashariki iliingia kwenye ukavu, hata Ziwa Victoria lilishuka kipindi hicho, theluji mpya ikapungua, na barafu ya pale juu sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kama asilimia 85, lakini ukichukua namba hiyo peke yake ukasema sababu ni moshi wa viwanda mwalimu wa jiografia anakumaliza asubuhi na mapema.

Na huyo jaji ni kweli, ile kesi ilihusu filamu ya Al Gore, mwanasiasa wa Marekani, ya mabadiliko ya tabianchi kuoneshwa mashuleni. Ila muulize mzee kama alisoma hukumu yote, maana jaji huyo huyo alikubali kwamba hoja kuu za filamu kuhusu sababu za joto kwa ujumla ziko sawa. Alichokataa ni baadhi ya mifano, Kilimanjaro ukiwemo.

Kwa hiyo Kibo mwachie. Usipigane pale. Wewe nenda na haya.

Hewa ukaa inapimwa Mauna Loa kule Hawaii tangu 1958, mwanasayansi Keeling alianza ikiwa kama sehemu 315 kwa kila milioni, sasa hivi imepita 420, na kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Hapo hakuna anayebisha. Ubishi ni imetoka wapi, na jibu lipo ndani ya kaboni yenyewe. Kaboni ipo ya aina tatu kwa uzito, ya 12, ya 13 na ya 14. Mimea inapenda ya 12 kuliko ya 13, makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe vya zamani kwa hiyo yana 13 kidogo, na ya 14 hayana kabisa maana hiyo huwa inaisha yenyewe kadiri miaka inavyopita, na huko chini ilishaisha yote. Na hewani tunaona uwiano wa 13 unashuka. Ni kama alama ya moto kwenye ng'ombe, unajua katoka zizi la nani. Ya volkano haina alama hiyo, na volkano zote kwa mwaka hazifikishi hata asilimia 1 ya tunayotoa sisi.

Akikwambia ni jua, mwambie satelaiti zinalipima tangu 1978 na nguvu yake haijapanda. Halafu kuna hii ambayo mimi naipenda kuliko zote: lingekuwa jua, hewa yote ingepata joto kuanzia juu mpaka chini. Kinachoonekana huku chini joto linapanda, kule juu kwenye stratosfia linashuka. Hewa ukaa ndio inafanya hivyo, jua haliwezi.

Zama za barafu nazo zilitokana na mzunguko wa dunia kulizunguka jua kubadilika kidogo kidogo, maelfu ya miaka. Ya mwisho iliisha kama miaka 11,700 iliyopita. Kwa mzunguko ulivyo sasa tulitakiwa tuwe tunaelekea kwenye baridi taratibu.

Jembe Halimtupi:
Mnamlisha kijana maneno. Afrika nzima haifikishi hata asilimia 4 ya huo moshi halafu sisi ndio tunaambiwa tusikate kuni, tusichimbe gesi yetu, tusijenge bomba la mafuta. Wao walipanda ngazi wakaitoa. Huyo baba mkubwa mimi namuunga mkono, hii ni biashara, angalia watu wanavyopita vijijini na mikataba ya kaboni.

Bi Mkubwa wa Pangani:
Jembe, hayo mawili usiyachanganye mwanangu. Kwamba wao ndio wamechafua na sisi tunabebeshwa, hiyo ni haki yako kuisema na mimi nasema na wewe. Lakini ukishasema wao wamechafua umeshakubali kwamba pamechafuka. Huwezi kudai fidia ya ng'ombe ambaye unasema hakufa.

Na mikataba ya kaboni ya kusoma kwa makini ni kweli ipo, ila kule wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji vimepata hela za kujenga madarasa na zahanati kwa kutunza msitu wao. Kwa hiyo sio zote.

Jembe Halimtupi:
Sawa mama, nimekusikia. Ila bomba libaki.

Mama Buni:
Kihamba Kidogo naomba nikutoe kwenye stratosfia nikurudishe shambani maana hapo ndipo kikao chenu kilipo. Mimi kahawa nimeikuta kwa wazazi, nimeolewa nimeikuta kwa wakwe, najua inavyonuka ikiumwa.

Kitu kinachoiumiza arabika, hii kahawa yetu ya mlimani, sio jua la mchana peke yake, ni usiku kukosa baridi. Baridi ya usiku inafanya buni iive taratibu. Kuna utafiti wa 2015, kina Craparo wa chuo cha Witwatersrand Afrika Kusini, walichukua takwimu za kahawa ya Tanzania wakaona kila nyuzi 1 ya joto la chini kabisa, yaani lile la alfajiri, ikipanda, mavuno yanashuka kama kilo 137 kwa hekta. Kwa mkulima wa kihamba anayevuna kidogo kidogo hiyo sio namba ya mchezo. Na usiku kupata joto haraka kuliko mchana ndio hasa kinachotegemewa hewa ukaa ikizidi, maana yenyewe inazuia joto la ardhi lisitoke, Chizi atanisahihisha kama nimekosea.

Sasa mwalimu wa jiografia wa zamani, shuleni kwake lazima palikuwa na kile kibanda cheupe cha hali ya hewa chenye kipimajoto cha juu na cha chini. Muulize yeye. Usimpe takwimu, mwombe.

Chizi wa Grafu:
Mama Buni hujakosea popote.

Kihamba Kidogo:
Mama umenishtua! Ana madaftari, yale ya jalada gumu, yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na hati ya kihamba. Zamani tukiwa wadogo likizo alikuwa anatutuma asubuhi tukasome kipimajoto kabla ya chai, na ukikosea alikuwa anakurudisha ukasome tena macho yakiwa sawa na ule mstari. Baada ya kustaafu alihamishia chake nyumbani, amekifunga kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Sijawahi kumuuliza zile namba anazifanyia nini.

Chizi wa Grafu:
Duh hiyo ni dhahabu. Ila tahadhari mapema, banda la mbuzi lina joto lake na shule ilikuwa sehemu nyingine, kwa hiyo usilinganishe ya shuleni na ya nyumbani kama vile ni kitu kimoja, mzee atakushika hapo hapo. Angalia kila sehemu peke yake. Na kituo kimoja sio dunia, ukitaka kubwa zaidi waombe Mamlaka ya Hali ya Hewa takwimu za Moshi. Za dunia nzima 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, kama nyuzi 1.55 juu ya ile ya 1850 mpaka 1900 kwa hesabu za WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Mjukuu wa Meku:
Mimi naongelea namna ya kusema, ushahidi mmeshampa wa kutosha. Ndugu yangu usiende kubishana kwenye kikao mbele ya wake za kaka zake na watoto, hapo hata ukishinda umeshindwa. Nenda siku mbili kabla, jioni, na mbege ya maana sio ile ya kopo. Mwache aongee yeye kwanza. Mwulize mlikuwa mnaota moto mpaka mwezi gani, kahawa ilikuwa inaanza kuiva lini. Akimaliza ndio umwombe madaftari. Na kama mwaka jana mliachana vibaya shika na isale mkononi, lile jani letu la kuombea msamaha, hutapungukiwa kitu.

Halafu kwenye miti mkubalie, maana hapo hakosei. Maji ya mifongo, ile mifereji yetu ya asili, yanatoka msituni, barafu inachangia kidogo sana, wataalamu wa mlima wanasema hivyo na sisi tunaona kwa macho, moto ukipita kule juu mfongo wa chini unakauka. Miti sio iliyomaliza barafu, hilo Mölg alilipima akakuta mchango wake mdogo, lakini kwa maji yetu miti ni kila kitu. Mpe jukumu la miti ya kivuli, achague yeye iwe mruka au mringaringa. Mzee akiwa na cha kusimamia hatagoma.

Kihamba Kidogo:
Wakuu mmenijenga sana. Kwa hiyo Kibo namwachia, miti namkubalia, mimi nabaki na usiku na madaftari yake. Mama Buni, tukikubaliana, ning'oe upande wote wa chini kwa pamoja?

Mama Buni:
Usithubutu. Mche mpya unakaa kama miaka mitatu ndio uanze kukupa kitu, mtakula nini hapo katikati? Ng'oa mistari michache, panda, mwakani ongeza. Lyamungo kwenye kituo cha utafiti wa kahawa mko nao jirani, nenda kaulize miche mapema kabla masika hayajaanza maana wanaoulizia ni wengi. Na parachichi weka karibu na mfongo, watu wanalipanda kwa sifa likikosa maji wanasingizia miche.

Jembe Halimtupi:
Hapo kwenye parachichi nakubali, mimi yangu yalikauka. Leta mrejesho mkuu, na hizo namba za banda la mbuzi utuwekee humu.