Mungu amenisamehe, lakini yule mama bado anaitwa mwizi

Katibu wa Zamani

Bwana Yesu asifiwe. Naandika usiku, mke wangu amelala, naye hajui hata nusu ya haya.

Mwaka 2017 nilikuwa katibu wa kikoba pale Makambako. Wanachama 24, wengi wao akina mama wauza viazi. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kama inavyotakiwa. Ila asiyefika mkutanoni alikuwa ananitumia rejesho kwa simu, mimi naandika kwenye daftari kwamba limeingia. Fedha zilipaswa kuhesabiwa mbele ya wote. Lakini tulishazoeana, na baridi ya Juni ya kwetu mnaijua, kila mtu anawahi moto nyumbani. Nikawa natangaza jumla, watu wanapiga makofi, sanduku linafungwa. Zile za kwenye simu zilikuwa zinaishia kwenye mikeka ya kubeti. Nilianza na elfu ishirini, nikiamini Jumamosi zitarudi. Anayebeti haibi, anakopa. Ndivyo anavyojiambia.

Desemba tulipovunja kikoba ili tugawane akiba za mwaka, zikapungua 1,840,000. Daftari langu lilikuwa safi kuliko la mwalimu. Watu wakageukia nyumba. Mtu akiibiwa hakumbuki kufuli tatu, anauliza sanduku lilikuwa linalala wapi. Lilikuwa linalala kwa mama mmoja mshonaji, mtu mzima, wa kwaya ya akina mama. Hakupiga kelele. Aliuza cherehani yake na mtamba mmoja, akaleta 700,000 amezifunga kwenye kona ya khanga, akasema, "Sijachukua, lakini zimepotelea kwangu." Aliyemwandikia risiti ni mimi. Hiyo sentensi nimeifuta mara tatu kabla ya kuiacha hapa.

Nilihama, nikaja Dodoma. Mwaka 2021 niliokoka, kweli kabisa, sikufuata mkumbo. Kubeti niliacha. Dhambi hii niliitaja kwa jina lake, nimepiga magoti mbele ya mchungaji, akanisomea Zaburi 103, mashariki ilivyo mbali na magharibi, akaniambia imekwisha, usimruhusu shetani akurudishe nyuma. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja miaka minne.

Sasa Jumapili iliyopita wamenichagua mhazini wa kamati ya ujenzi. Kanisa zima likapiga makofi, nami nikasikia makofi ya Makambako. Tangu siku hiyo silali. Daftari la mwaka ule bado ninalo, liko chini ya nguo ndani ya rambo, na rambo zenyewe zilishapigwa marufuku.

Swali langu: hii ni sauti ya mshitaki, niikemee kama ninavyofundishwa? Au ni nini? Nimewaza nimtumie yule mama fedha zake kimya kimya, bila jina, mambo yaishe.

Shujaa wa Imani

Mtumishi, hiyo ni hila ya adui. 1 Yohana 1:9 iko wazi. Warumi 8:1, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Unafukua kaburi ambalo Mungu ameshalifunika! Kemea, funga siku tatu, ingia kwenye huduma uliyopewa. Hizo fedha kama zinakusumbua zitoe sadaka hapo hapo kwenye ujenzi.

Katibu wa Zamani

Amina, mtumishi. Kukemea nimekemea. Shida ni kwamba ninayemwona si shetani. Namwona mama anafungua kona ya khanga.

Mwinjilisti Mstaafu

Kijana, hukunisalimia lakini marahaba nakupa.

Nimezaliwa Kagera, kwenye nyumba ya watu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mipaka hadi Uganda na kwetu. Wazee wale walikuwa na udhaifu wao, walipenda mno kukagua dhambi za jirani, na sisi watoto tulikaguliwa kuliko wote. Lakini jambo moja walilijua. Mtu akiokoka leo, kesho unamkuta njiani amebeba kitu cha watu anakirudisha. Babu yangu alirudisha jembe la misheni na sahani mbili. Alipita nalo begani saa sita mchana, hakusubiri giza.

Ila usigeuze mpangilio, mwanangu. Zakayo hakulipa ndipo Yesu akaingia kwake. Yesu alishashuka naye hadi nyumbani, watu nje wananung'unika, ndipo Zakayo akasimama na kusema mara nne. Hauendi Makambako kununua msamaha. Unao, ndiyo maana miguu ya kwenda unayo. Mchungaji wako hakukosea, kwa Mungu imekwisha. Kwa yule mama haijaanza. Mathayo 5 inasema ukiwa unaleta sadaka ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda ukapatane kwanza. Na wewe yako imezidi hapo, maana huyo mama hana neno juu yako. Hajui. Neno lote amelibeba yeye.

Kwa kuwa ulikuwa mtu wa madaftari, soma Hesabu 5:7: irudi yote, iongezwe sehemu ya tano. Za mama, 700,000, zinakuwa 840,000. Zile 1,140,000 zilizobaki zilikuwa za wenzake, nazo zina sehemu yake ya tano, piga mwenyewe. Kuzitoa sadaka, kama alivyoshauri ndugu hapo juu, ni kumtolea Mungu mtamba wa mtu. Na huo uhazini uweke chini kwanza.

Mama Ntilie wa Kihesa

Shikamoo baba Mwinjilisti. Mimi niko ule upande ambao huwa mnausahau mnapotubu. Mwaka 2014 nilisingiziwa kula michango ya msiba wa mtaani kwetu. Baada ya kama mwaka, aliyezila akafanya hilo hilo unalolitaka wewe: akapitia kwa wakala, akanitumia laki moja na nusu, jina lake halionekani. Wifi yangu ndiye aliyekuwa ameshika simu meseji inaingia. Ikawa habari: kumbe walikuwa wawili, sasa wanagawana. Hela isiyo na mwenyewe ilinimaliza kuliko ile iliyopotea.

Kwa hiyo nenda kwa miguu yako, na mtu mzima mmoja. Usiangukie mlangoni unalia, maana ukilia yeye ndiye ataanza kukubembeleza, akina mama tuna ugonjwa huo. Usimdai msamaha siku hiyo hiyo. Mwambie, halafu nyamaza. Baada ya hapo ukaseme mbele ya kikoba, watu wale wale. Alichafuliwa mbele ya watu 24, huwezi kumsafishia jikoni. Akisema anakwenda polisi, msindikize. Na mkeo ajue leo, asije akayasikia kwa abiria.

Shujaa wa Imani

Mimi nimesema kwa upendo jamani. Ila la mtamba nimelisikia, baba.

Katibu wa Zamani

Wiki tatu zimepita. Naandika nikiwa gesti, Makambako.

Mke wangu nilimwambia. Siku mbili hakunisemesha, ya tatu akanipangia nguo za safari na ile rambo akaiweka juu kabisa. Uhazini nimeukataa. Waliuliza sababu, nikawaeleza, na mmoja wa wazee wa kanisa akasema nisiende peke yangu. Pikipiki nimeuza. Za wanachama ni 1,368,000, ninazo nusu.

Tulifika kwa mama saa kumi jioni, amekaa nje anamenya viazi. Nikasema, "Kamwene, mama." Akaitika, "Kamwene, Katibu." Bado ananiita Katibu. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye basi tangu Mafinga, na hakuna hata moja lililotoka lilivyopangwa. Nilisema mikeka, nikasema simu, nikasema risiti. Sikulia, dada wa Kihesa, ingawa sijui nilizuiwa na nini.

Hakunijibu mpaka kiazi alichokishika kikaisha kumenywa. Akasema, "Baba watoto alifariki 2019. Alisema ananiamini. Ila tangu Desemba ile alikuwa analala na pochi yake chini ya mto."

Kwa hilo, baba Mwinjilisti, sehemu ya tano sikuiona. Mzee niliyekuja naye aliinamisha kichwa, nami nikakaa tu pale juu ya ndoo niliyopewa nikalie.

Zile 840,000 alizihesabu mara mbili. Akatenga 140,000 pembeni akaniuliza hizi za nini, nikamwambia ni za Hesabu 5. Akasema, "Mimi nilikuwa nadai cherehani na mtamba." Lakini mwisho alizifunga zote pamoja. Kusamehe hakukutaja, na mimi sikuomba. Alitupa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, tukala, akamwuliza mzee habari za mvua za Dodoma.

Alipotusindikiza hadi barabarani ndipo akaniambia kikoba bado kinakutana Jumatano, saa tisa, pale pale. "Uje na daftari. Usome wewe mwenyewe, kwa sauti, kama ulivyokuwa unasoma."

Leo ni Jumatatu. Nimelitoa kwenye rambo, nimelifungua hapa kitandani. Mwandiko wangu wa mwaka ule ulikuwa mzuri sana.