Naomba ushauri: samaki klauni wamehamia kwenye tumbawe, sasa halifunguki

Habari zenu wakuu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200, limepita mwaka sasa. Ndani kuna klauni wawili, Amphiprion ocellaris wa kuzalishwa, hawajawahi kuona anemoni (mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma, ambamo klauni huishi) maishani mwao. Wamelifanya tumbawe langu la Euphyllia kuwa nyumba. Jike ndiye msumbufu zaidi: anajisugua humo mchana kutwa na kulishindilia vipande vya chakula. Tumbawe limekunja minyiri, na upande mmoja nyama imeanza kuachana na mfupa.

Vipimo haviko vibaya: joto nyuzi 26, chumvi 1.025, naitreti 10. Nimelihamishia kona nyingine, wakalifuata. Nikalifunika kwa kikapu cha plastiki chenye matundu, likafunguka kidogo, ila nikikitoa tu wanarudi.

Nafikiria kuweka anemoni, Entacmaea quadricolor, ingawa hutembea na kuchoma matumbawe jirani, tena ocellaris wa baharini kwa kawaida hawaishi nayo. Kwa tangi la ukubwa huu inafaa, au nitajiongezea tatizo? Na tumbawe nilitenge kwa muda gani kabla ya kulirudisha?