Mjadala: Mhusika akiitwa Chapati ya Jana, tumkatae?

Wakuu, naleta hoja iliyotugawa kikundi kizima hapa Tabora. Nina upande wangu na sitauficha.

Tuko watano. Kila Jumapili alasiri tunakaa chini ya mwembe, mitaa ya Ng'ambo, tunacheza mchezo wa kusimulia: mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na bahati ndiyo inayoamua nani kafaulu na nani kaumia. Dadu ya pande 20 hatuna, kwa hiyo tunachota vikaratasi vya namba 1 hadi 20 kwenye kopo la maziwa. Hadithi yetu ni ya msafara wa wapagazi, kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji. Mwenzetu mmoja alimpa mhusika wake, mganga wa msafara, jina la Chapati ya Jana. Wiki nane tumetembea naye. Jumapili iliyopita alikufa tukivuka mto Malagarasi. Msimulizi akatuandalia mazishi kwa maneno mazito, na alipofika pa kumtaja marehemu, watu wakaangua kicheko. Akafunga daftari. Sasa anataka sheria: jina la kuchekesha lisikubaliwe tena.

Anayo hoja, na mfano wake ni wa hapa hapa nyumbani. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, anasema, hakuzaliwa na jina hilo. Ni jina la vita, maana yake maiti, na lilimtangulia kila alikokwenda. Amekufa mwaka 1884 na Urambo bado ipo. Shujaa hubebwa na jina lake, ndivyo anavyoamini.

Mimi namjibu kwa mtu mwingine aliyeijua Tabora vizuri, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el Murjebi. Huyo watu walimwita Tippu Tip. Lisikilizeni: mtoto anaweza kulichezea mdomoni. Mwenyewe alieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake. Wengine wakasema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Waliotekwa na kuuzwa hawakuona cha kuchekesha humo. Matendo yake ndiyo yaliyolipa jina lile uzito, na uzito wenyewe ni wa kutisha.

Hata mchezo wa kusimulia wa aina hii ulianza hivyo hivyo. Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na meza ya Gygax ilikuwa na majina ya mzaha tele. Mwanawe alikuwa na mhusika elfi, kiumbe wa ngano, wa kiume. Kwenye karatasi herufi M ya jinsia (male, yaani mume) ikakaribiana na neno elf, mhusika akawa Melf. Mwanawe mwingine, Ernest, alizipangua herufi za jina lake akapata Tenser. Mchezaji mwenzao, Jim Ward, alilisoma lake kinyumenyume, akapata Drawmij. Miaka mingi baadaye uchawi uitwao mshale wa tindikali wa Melf umo katika kitabu cha sheria za mchezo, na sisi tulipokutana na Drawmij mara ya kwanza tulidhani ni jina la mchawi wa kale.

Chapati ya Jana naye alikuwa ameshafika huko. Siku ya kwanza tulicheka hadi machozi. Kufikia wiki ya tatu, mtu akiumwa na nyoka tulipiga kelele "Chapati! Chapati!" na hakuna aliyecheka, maana tulikuwa tunaomba msaada.

Sasa kile kicheko cha mazishini. Jamani, sisi ni watu wa Tabora. Nani hajamwona mtani msibani? Wanyamwezi na Wazaramo wana utani tangu enzi za misafara. Mtani anafika, anamdai marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, pengine anazuia kaburi mpaka alipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayesema msiba umeharibika. Ndivyo nilivyokisikia kicheko chetu. Aliyekaa kushoto kwangu alicheka, kisha akainama akanyamaza muda mrefu. Msimulizi hakuliona hilo kwa sababu alikuwa anafunga daftari.

Lipo jina moja ambalo mimi mwenyewe ningelizuia. Mwezi wa pili mchezaji mmoja alimwita mtumishi mjinga wa msafara Shida, ili kila akiitwa tucheke. Shida, Tabu, Mashaka ni majina ya watu, na mama wa mmoja wetu anaitwa Shida. Mwanawe hakuongea tena mpaka tulipoondoka. Chapati haina mama wa kuumia, Shida anaye. Kwa hiyo nimependekeza hivi: yeyote aliye mezani akisema jina linamgusa, libadilishwe hapo hapo, asiulizwe kwa nini. Mengine yote yaachwe.

Tunapiga kura Jumapili. Msimulizi ana mmoja upande wake, nami nina mmoja. Mwenye Chapati ya Jana bado hajasema, ila ameshaanza kumwandika mhusika mpya na jina amelifunika kwa mkono.

Wenzetu wa Kigoma, mlioko Mwanga na Ujiji: mmewahi kukataa jina mezani? Aliyekataliwa alirudi wiki iliyofuata?