Mrejesho: Enguerrand wa Coucy, mkwe wa mfalme adui

Wakuu, niliuliza vipi Enguerrand VII, bwana wa Coucy kule Picardie, alikuwa mtukufu wa Ufaransa na papo hapo mkwe wa Edward III wa Uingereza, katikati ya Vita vya Miaka Mia kati ya nchi hizo mbili. Asanteni mlionielekeza, jibu nimelipata.

Mwaka 1360 alipelekwa Uingereza kuwa rehani ya fidia ya Mfalme Jean II wa Ufaransa aliyekuwa ametekwa na Waingereza. Mwaka 1365 akamwoa Isabella, binti wa Edward, akaachiwa huru. Vita vilipowaka tena alijiweka pembeni, akaenda kupigana Italia. Edward alipofariki 1377, akarudisha cheo na ardhi za Uingereza alizokuwa amepewa, akabaki na Ufaransa moja kwa moja.

Kinachoniuma zaidi ni mabinti. Marie alibaki Ufaransa. Mdogo wake, Philippa, aliishia Uingereza, akaolewa na Robert de Vere, kipenzi cha Mfalme Richard II aliyemrithi Edward, ambaye baadaye alimtelekeza kwa ajili ya mwanamke wa msafara wa malkia. Mtoto wa watu alikosa nini!

Baba yao alitekwa na jeshi la Sultani Bayezid wa Dola ya Osmani (Waturuki) huko Nicopolis, Bulgaria ya leo, 1396, akafia kifungoni Bursa, Uturuki ya leo, Februari 1397. Hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa. Mwaka 1400 Marie akaiuza Coucy kwa Louis d'Orléans, ndugu wa mfalme wa Ufaransa.