Naenda warsha ya bonsai Nairobi mwezi wa 7, mti wangu niuandae vipi?

MamaNeema_Njiro

Wakuu habari za jioni. Nimepata nafasi kwenye warsha ya bonsai, hii miti inayokuzwa midogo ndani ya chungu, ya siku mbili Nairobi, wikiendi ya mwisho ya mwezi wa 7. Anakuja mtaalamu kutoka Afrika Kusini, tuko washiriki kumi tu, kila mtu anakuja na mti wake anaufanyia kazi pale pale na mtaalamu anapita meza kwa meza. Nimeshalipa, na tangu nilipe nalala usingizi wa mang'amung'amu kwa furaha na woga.

Mti wenyewe ni fikasi ya kienyeji, hii ambayo Wamasai wanaiita oreteti na Wakikuyu mugumo. Marehemu baba alichomeka vigingi vyake kwenye uzio wa nyumbani vikashika vyote, na mwaka 2015 tulipojenga ukuta nikaokoa kimoja, unene kama wa mkono wangu, nikakipanda kwenye ndoo. Sasa hivi kiko kwenye beseni, urefu kama sentimita 60, shina limenenepa chini na mizizi imeshika udongo kama vidole. Shida ni matawi, yamekwenda kila upande manake miaka yote nilikuwa napogoa kwa kubahatisha, nikiona tawi limetoka nje nakata.

Mpango wangu ni huu. Wiki hii niupogoe upate shepu ya kueleweka nisije nikaaibika mbele ya mgeni, halafu niuhamishie kwenye chungu kifupi cha kauri nilichonunua, halafu niupe urea kidogo ufike kule una majani mengi ya kijani. Siku ya safari nauweka siti ya nyuma tunapita mpaka wa Namanga mapema. Niko sahihi? Na vifaa nibebe vipi? Naombeni msaada, nina wiki saba.

Kiriba_Moro

Mama Neema shikamoo. Nakuomba sana, huo mkasi urudishe kabatini kabla hujaendelea kusoma.

Hayo matatu uliyopanga yote yanampunguzia mtaalamu kazi ya kufanya. Ukipogoa sasa unaondoa matawi ambayo pengine yeye angeyachagua, manake jicho lake haliangalii tawi lililopendeza, linaangalia tawi lililoota mahali panapofaa hata kama leo limepinda vibaya. Tawi refu lenye majani ni mali, linaweza kukunjwa, linaweza kurudishwa ndani, linaweza kuachwa linenepe miaka miwili kisha likakatwa. Ukishalikata hana cha kufanya. Hao wageni wanapenda mti wa hovyo wenye afya kuliko mti uliopambwa.

Chungu ndo kabisa. Mwezi wa 6 na wa 7 huko kwenu ni baridi, fikasi ukiikata mizizi wakati wa baridi inakaa tu haisogei, na ikifika warsha bado inauguza mizizi, mtaalamu mwaminifu hataigusa. Atakuambia rudi nayo nyumbani. Hilo lilinipata mimi, nilihamisha mti siku kumi kabla ya mafunzo kwa sababu nilitaka uonekane uko kwenye chungu kizuri, nikakaa siku nzima naangalia wenzangu wanafanya kazi. Roho iliniuma. Mwezi wa 9 kuelekea wa 10 joto likirudi ndo uhamishe.

Na urea acha. Itakupa majani makubwa na vifundo vilivyoachana mbali mbali, na kwenye bonsai tunatafuta kinyume chake. Wewe wiki hizi saba fanya kazi ya kuutunza tu. Uweke juani, uuzungushe kila wiki ili upande wa nyuma nao upate mwanga, ng'oa magugu, angalia chini ya majani kama kuna vidung'ata au wadudu gamba na uwatoe kwa kitambaa na maji ya sabuni laini, mti wenye wadudu usiupeleke kwenye meza ya watu. Basi.

ngong_road_kijani

Sasa Mama Neema, karibu Nairobi. Kiriba amesema ukweli kuhusu mti lakini wacha nikuambie kitu kingine kabla hujaweka mafuta kwa gari. Huo mti hauwezi kupita Namanga hivyo.

Mmea wowote unaoingia Kenya unatakiwa kuwa na kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, na kinapatikana kabla mmea haujatoka kwenu si pale mpakani, halafu pia cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kwenu hiyo ni kazi ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, na wako hapo hapo Arusha, Ngaramtoni. Lakini shida kubwa ni udongo. Hawataki udongo uvuke, manake ndani ya udongo kuna minyoo ya mizizi na magonjwa ambayo hakuna mtu anaweza kuyaona kwa macho. Na kuuosha mizizi yote mwezi wa 7, Kiriba amekuambia hiyo baridi. Halafu wakati wa kurudi nyumbani ni hiyo hiyo mchakato kinyume, sasa Tanzania ndo inakudai karatasi.

Watu wanaficha mimea kwa buti ya gari, nawajua. Tafadhali usifanye hivyo na mti wa babako. Ukishikwa wanauchukua na unaharibiwa, hakuna kubembeleza hapo.

Kama mimi ningekuwa wewe ningeuacha nyumbani ninunue mwingine huku. Vitalu viko kando ya barabara kila mahali, Ngong Road, Limuru Road, Kiambu Road, unatembea kutoka kimoja hadi kingine. Tafuta fikasi au mzeituni mwitu uliokaa kwa mfuko miaka mingi hadi wamiliki wameusahau huko nyuma, hiyo ndo huwa na shina. Usiangalie juu, chutama chini, kwangua udongo kidogo na kidole uone mizizi inavyotoka kwa shina. Ikizunguka pande zote kama miguu ya meza, nunua. Wajapani wanaita hiyo nebari na kila mwalimu ataanza kuangalia hapo.

MamaNeema_Njiro

Jamani. Sikuwaza kabisa habari ya mpaka, nilijua ni mambo ya wafanyabiashara wa mazao. Asante sana ngong_road.

Ila nimeishiwa nguvu kidogo. Nilitaka huu mti, sio mti. Baba alipenda sana miti na nilijiambia mtu mwenye ujuzi akiushika mara moja tu utakuwa umepata njia yake. Na hapo hapo nilikuwa naogopa, manake nimeona video hawa wataalamu wanakata nusu ya mti bila kupepesa macho.

Rweyunga_BK

Mama Neema pole, nakuelewa. Mimi niko Bukoba na huo mti tunaufahamu vizuri, ni ndugu wa damu wa mutuba wa Waganda, ficus natalensis. Ng'ambo kule Buganda wanachuna gamba lake kuzunguka shina, wanalipondaponda linakuwa nguo, lubugo, hadi UNESCO wameitambua kazi hiyo. Wakishachuna wanalifunga shina majani ya mgomba, na gamba jipya linaota, mti huo huo unachunwa tena na tena kwa miaka. Nakuambia hivi ili uondoe hofu ya kukata. Mti unaovumilia kuvuliwa nguo hauwezi kufa kwa kupogolewa tawi, mradi una afya na ni msimu wake.

La pili, chochote kitakachokatwa kwenye mti huo usitupe. Baba yako alichomeka vigingi vikashika, na matawi yatashika vilevile. Kata kipande chenye unene wa kidole gumba au zaidi, acha utomvu mweupe ukauke kwanza, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kwa hiyo hata siku ukikata nusu, nusu hiyo unaigawa kwa ndugu zako na kila mmoja anakuwa na mti wa mzee.

Waya_na_Shaba

Mimi natofautiana kidogo na ngong_road. Sawa mti usivuke, lakini asiende akajifunza kwa mti wa kitaluni halafu ule wa nyumbani ukabaki bila kusemewa neno, mtaalamu wa namna hii hapatikani kila mwezi. Mama Neema, mti utabaki lakini picha zitaenda. Zipige hivi: simu iwe usawa wa katikati ya mti usipige kwa juu, nyuma tundika shuka jeupe, piga pande nne, halafu moja ya karibu ya mizizi na moja kutoka juu kuonyesha matawi yanavyotoka. Weka rula kando ionekane. Halafu chapisha kwenye karatasi, usimwonyeshe kwenye simu, manake kwenye karatasi anaweza kuchora kwa kalamu tawi hili toa, hili shusha, mbele ya mti ni hapa. Wataalamu wengi wanapenda kuchora, na karatasi hiyo unarudi nayo. Muombe mapema kupitia waandaaji dakika kumi wakati wa chakula, usisubiri jioni watu wameshachoka.

Vifaa sasa. Uliza waandaaji wanatoa nini kabla hujatumia hela, mara nyingi waya na ile koleo inayokata na kuacha kishimo vinakuwepo. Wewe beba mkasi wako wa kupogolea ulionolewa, mkasi mdogo wa majani, plaizi ya kukatia waya, kijiti cha mianzi cha kuchokolea udongo, chupa ya kunyunyizia maji, taulo la zamani na aproni. Utomvu wa fikasi hautoki kwenye nguo na ukiingia jichoni unawasha vibaya, ukikata nyunyizia maji papo hapo unaacha kutiririka. Daftari pia, la karatasi.

Kitu muhimu kuliko vifaa ni mikono. Siku hiyo muda mwingi utaenda kwenye kufunga waya na watu wasiojua kufunga wanaishia kufungiwa na mwalimu, wanarudi nyumbani na mti mzuri wasioweza kuurudia. Una wiki saba, kata matawi ya mpera, unakunjika vizuri, nunua waya wa alumini wa milimita 2 na 3 ukae jioni ukifunga. Waya uwe na unene kama theluthi ya tawi, uzunguke kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, usibane gamba wala usiache uwazi, na waya mmoja ushike matawi mawili ili moja limshikilie mwenzake. Unapokunja weka vidole gumba ndani ya kona na waya upite nje ya kona. Tawi likilia kidogo simama. Ukifunga matawi 30 mabaya la 31 litakuwa zuri.

Na kuhusu kukatwa nusu ya mti. Kuna msonobari wa familia ya Yamaki wa Hiroshima, unatunzwa kwenye chungu tangu 1625, ulikuwa uani kwao bomu lilipoanguka 1945 ukabaki mzima, na mwaka 1976 wakaupa Marekani, uko Washington mpaka leo. Fikiria mti huo umepita mikono ya watu wangapi na kila mmoja alikata kitu. Mtu wa kwanza hakuuona ulivyo sasa.

Kiriba_Moro

Hilo la picha nimelikubali kabisa. Naongeza dogo, mti utakaonunua Nairobi usinunue asubuhi ya warsha. Nenda Ijumaa, umwagilie vizuri siku hiyo, halafu Jumamosi asubuhi usiumwagilie. Tawi lililojaa maji linavunjika haraka, likinyauka kidogo tu linakunjika. Mizizi lakini isikauke.

ngong_road_kijani

Ijumaa niko huru baada ya saa nane. Nitembelee vitalu vya Ngong Road wiki moja mbele nikutumie picha za mashina, ukipenda moja naambia mwenye kitalu aiweke kando. Na baada ya warsha mti unaweza kukaa kwangu juu ya balkoni, jua liko, ukiamua siku moja kuomba karatasi za KEPHIS na TPHPA utakuta umeshapona. Waya tu nitakuwa naangalia, fikasi inanenepa haraka waya unaingia kwa gamba.

MamaNeema_Njiro

Nimesoma yote mara mbili, na Rweyunga umenitoa machozi.

Nimefanya hivi. Urea nimempa jirani mwenye mahindi. Chungu cha kauri nimekifunika kwa gunia hadi mwezi wa 9, halafu nitachekecha moramu nyekundu ya hapa kwetu nichanganye na mboji kidogo nihamishe wakati huo. Leo nimeugeuza mti kwa mara ya kwanza na nimekuta upande wa ukutani una matawi mawili ambayo sikuwahi kuyaona, membamba, yameota chini kabisa karibu na mizizi. Ningekuwa nimeyakata. Nimewaandikia waandaaji wakasema waya upo na dakika kumi za picha nitapewa Jumamosi mchana.

ngong_road, nakuja na kahawa ya Kilimanjaro, natumaini hiyo iliyokaangwa haina shida mpakani, nitawauliza TPHPA kesho hata hivyo. Kaka Waya, nimefunga matawi sita ya mpera jioni hii, mawili yamevunjika. Kesho naendelea.