Mtaa wa kale kwa miguu: nianze na nini?

Swali: Wadau, nina nusu siku tu kwenye mtaa wa kale wenye vichochoro. Chakula, maduka, majengo, vyote navitaka. Nianze na kipi?

Jibu 1: Majengo, ndugu yangu, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Na inua macho! Chini kila mwenye duka hubadilisha apendavyo. Ghorofani ndiko madirisha ya zamani yamebaki. Chungulia juu ya milango pia, pengine utakuta mwaka wa ujenzi umechongwa. Mimi hapo sibanduki.

Jibu 2: Usishibe mahali pamoja, onja kidogo kidogo. Mchana fuata foleni ya wafanyakazi wa mtaani. Maduka mwisho, usije ukazunguka na mizigo.

Muulizaji: Asanteni. Viatu je?

Jibu 1: Soli isiyoteleza. Mawe yaliyolainishwa na nyayo yakilowa ni hatari.