Parsele ya Kadutu 🧱

[06:12] Yaya Espe: Bandugu, muamuke. Mvua ya usiku imekula tena udongo nyuma ya jiko la Mama. Fundi anataka franka 720,000 kwa ukuta. Nimeandika 720,720.

[06:50] Yaya Espe: Naona 11 wamesoma. Midomo iko wapi?

[07:41] Kadogo: Hizo 720 za juu ni soda ya Yaya? 😂

[07:42] Yaya Espe: Muulize Bahati.

[08:05] Bahati: Tukilipa 16, kila mutu 45,045. Mmoja akikwepa, 15 wanatoa 48,048. Wakibaki 12, ni 60,060. Kuanzia 1 mpaka 16 inagawanyika bila kubaki kitu, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoweza. Nimechoka na "mwaka jana mimi ndiye niliongeza".

[08:06] Mama Furaha: Mwalimu ameingia darasani.

[08:09] Bahati: Angalieni, ni 720 imeandikwa mara mbili. Tarakimu tatu ukizirudia hivyo, umezidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Hizo ndizo sumbufu. 720 inamaliza 8, 9, 15, 16. Ile 14 inachukua 7 huku na 2 kule.

[08:10] Kadogo: Na mimi muniandike mara mbili siku ya kula 😂😂

[08:11] Yaya Espe: Jiko linaanguka, wewe unacheka.

[09:30] Jules: Noti ndogo niliyo nayo ni ya 50. Hizo 45 za mwisho nitoe wapi?

[09:31] Yaya Espe: Tuma kwa simu, Jules. Usitafute njia.

[09:58] Mama Furaha: Nimetuma 45,045.

[12:20] Papa Mukubwa: Nimesoma yote. Deo simuoni kwenye hesabu.

[12:47] Jules: Papa Mukubwa, kwa heshima. Mabati ya Bagira tumeshasahau?

[12:55] Papa Mukubwa: Yale mabati nililipa mimi. Deo amezaliwa kwenye hiyo parsele. Ahesabiwe.

[13:30] Bahati: Ndiyo, Papa Mukubwa. Ila 17 ndiyo namba ya kwanza kukataa. Kila mutu 42,395, zinabaki franka 5.

[13:31] Kadogo: Na tukiwa 18?

[13:33] Bahati: 18 inakubali. 40,040.

[13:33] Kadogo: Munitafutie mke basi, nawaokoa wote 🙏

[13:40] Yaya Espe: Nani atampigia Deo?

[14:15] Yaya Espe: Nauliza.

[14:16] Jules: Mimi hapana.

[15:02] Papa Mukubwa: Espe, ni wewe ulimtoa kwenye kikundi.

[16:44] Mama Furaha: Kama ni 17, munirudishie zangu 2,650.

[16:45] Yaya Espe: Sirudishi kitu mpaka Deo ajibu. Fundi anakuja Alhamisi.

[19:20] Jules: Alhamisi hii ama ile ingine?